Sita kwa Sita ndani ya Kumi kwa Kumi

Shangazi yangu alipoingia chumbani kwangu Nyakato, wiki mbili baada ya mimi kurudi kutoka Nagasaki, alisimama mlangoni akatazama kona zote nne. Hakuona kitanda. Aliona jamvi lililofunika sakafu, godoro la pamba limekunjwa mara tatu juu ya tranka, na chandarua kimeviringwa ukutani. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti ya mtu aliyefika msibani, akaketi kwenye kiti changu kimoja. Kisha akasema maneno ambayo tangu siku hiyo nimeyasikia kwa majirani, kwa wenzangu kazini, hata kwa fundi umeme: "Japani yote hiyo, miaka miwili, halafu unarudi kulala chini?"

Haikufika Jumapili, ukoo ulikuwa umeshaanza kuchanga hela za kitanda.

Nawashukuru, na wanajua nawapenda. Lakini kitanda kile nilikikataa, na haya ni majibu yangu kwao na kwa mji wetu mzima, maana swali la shangazi si lake peke yake. Ni imani ya Mwanza yote. Inasema mtu mzima aliyefanikiwa hulala juu, na anayelala chini ama hana kitu, ama amefukuzwa, ama amefiwa. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu inawaumiza watoto, na hao hatujawahi kuwauliza.

Sikiliza tunavyozungumza. Kijana aliyepanga geto lake la kwanza Mabatini hukwambia "nimeanza na godoro chini" huku macho yake yakikuomba radhi, na akishanunua kitanda ndipo tunasema ameanza maisha. Mwanamke akiachika akarudi kwao, wambea hawaulizi kama ana kazi au kama ana amani. Wanasema "siku hizi analala chini" na habari imekwisha. Ndoa yenyewe tumeipa jina la samani: taja mambo ya sita kwa sita mbele ya watu wazima, hakuna atakayehitaji ufafanuzi.

Basi chukua futi uipime hiyo sita kwa sita. Chumba cha kupanga cha kawaida, kuanzia Igoma hadi Kirumba, ni futi kumi kwa kumi, na vingi havifiki hapo. Hizo ni futi za mraba 100. Kitanda cha sita kwa sita kinameza 36, na hujahesabu unene wa mifumbati wala ule ubao wa mchagoni uliochongwa maua. Ongeza kabati, ndoo za maji, jiko la gesi, meza ya televisheni na nafasi ya mlango kufunguka. Kinachobaki ni njia ya kupita kiubavu. Kitanda hicho kinafanya kazi saa 8 kati ya saa 24; saa 16 zilizobaki unakilipia kodi kikiwa kimetandikwa tu, hakuna anayekigusa. Nimewaona vijana wanne wakipandisha kitanda cha mninga kwenye majabali ya Igogo, mahali ambapo hata toroli halifiki, wakipokezana mabega na kupumzika kila hatua kumi. Walipofika juu, fremu ya mlango ikabidi ing'olewe ndipo kiingie. Mwenye chumba alikuwa na mke na watoto watatu. Nilimtazama akikizunguka kitanda kile kwa furaha, na furaha yake ilikuwa halali kabisa, nami sikuweza kumuuliza swali lililonikaa kooni: watoto watalala wapi?

Watalala chini. Ndiko wanakolala siku zote. Wawili kwenye kipande cha sponji miguuni pa kitanda cha wazazi, au wanne sebuleni katikati ya makochi, baada ya wageni kuondoka na televisheni kuzimwa. Katika mji huu unaoona aibu kulala chini, watoto wengi wanalala chini kila usiku wa Mungu, na kwa sababu ya aibu hiyo hatuwaandalii chochote. Sakafu yao haina jamvi la maana. Godoro lao ni lile lililochoka, lililoshushwa kutoka kitandani lilipopata shimo katikati. Shuka yao ni kitenge cha zamani cha mama. Tunawatendea kana kwamba ni jambo la muda, litakaloisha tukipata hela, nao wanakua hivyo hivyo mpaka wanaondoka nyumbani.

Mwaka wa kampeni ya vyandarua vya bure nilikuwa naishi kwa mama mkubwa. Kampeni hiyo ya 2010 na 2011, ile ya "Malaria Haikubaliki", ililenga kila sehemu ya kulala, si kila kitanda. Mwandikishaji alisimama kibarazani na daftari lake akauliza: "Mama, humu ndani mna sehemu ngapi za kulala?"

"Mbili," mama mkubwa akajibu.

Vitanda vilikuwa viwili. Sebuleni tulikuwa tunalala watoto watano. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo kichwani, nikanyamaza, kwa sababu nilielewa. Kusema "tatu" kungekuwa kumtangazia mgeni, majirani wakisikia, kwamba kwake kuna watu wanalala chini. Tukapewa vyandarua viwili. Mdogo kuliko wote kati ya sisi watano alilazwa kwa malaria mara mbili mwaka huo. Siwezi kuapa kwamba chandarua cha tatu kingemkinga. Ninachoweza kuapa ni kwamba hakikuwepo, na kilichokizuia kilikuwa haya ya mama mwenye upendo, haya aliyofundishwa na sisi wote.

Wala haikuwa nyumba yetu tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki na wenzao wa Kenya walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji vya mwambao wa ziwa hili hili, upande wa magharibi mwa Kenya. Walitaka kujua kwa nini nyumba yenye vyandarua inakuwa na watu wasiovitumia. Waliokosa zaidi walikuwa watoto wa miaka 5 hadi 15, wale waliokwisha kukizidi kitanda cha wazazi na kuhamia sebuleni, ambako chandarua kinapaswa kufungwa kila usiku na kufunguliwa kila asubuhi. Niliusoma utafiti huo nikiwa Nagasaki kwenyewe, kwenye maktaba yenye joto, theluji nyepesi ikidondoka nje, na niliona sebule ya mama mkubwa kama vile mtu ameipiga picha.

Najua jibu nitakalopewa hapa, kwa kuwa nimeshapewa: "Umeona? Tatizo ni kutokuwa na kitanda. Wanunulieni vitanda." Kiingie wapi? Sebule ni ile ile, makochi ni yale yale, na hakuna mama wa Mwanza atakayeweka kitanda cha deka sebuleni mahali anapokaribisha wageni. Ukisema watoto wasubiri nyumba kubwa ndipo wafunikwe, umesema wasifunikwe. Chandarua hakishikwi na kitanda. Kinashikwa na misumari minne ukutani, na pindo lake linachomekwa chini ya godoro, liwe godoro hilo liko juu ya chaga au juu ya jamvi. Kazi ya kukifunga ni ya dakika moja kama misumari ipo na kamba zimeshapimwa. Wajapani wa zamani walikuwa na chandarua kikubwa kilichofungwa kwenye kona nne za chumba, wote wakalala ndani yake, na walikiita "kaya". Kwetu neno hilo ni watu wa nyumba moja. Mtu aliponitajia mara ya kwanza nilimwomba arudie.

Sikuzaliwa na msimamo huu. Nilipofika Nagasaki, mji wa bandari uliopanda milima kama Mwanza, wenye nyumba ambazo gari halifiki na ngazi zinazomaliza pumzi, nilipewa chumba cha mikeka sita. Kule vyumba hupimwa kwa mikeka yao ya tatami, kila mmoja una urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa 90. Piga hesabu: mikeka sita ni karibu sawasawa na chumba chetu cha futi kumi kwa kumi. Nami nikafanya kile ambacho Mtanzania angefanya. Mwezi wa kwanza tu nilinunua kitanda cha chuma kwa mwanafunzi aliyekuwa anarudi kwao, nikajiona sasa nimefika. Chumba kikaisha. Nilisomea kitandani, nilikula kitandani, na mgeni akija alikaa kitandani.

Mwenye nyumba, bibi aliyepita miaka sabini, alikuja siku moja kukagua bomba, akaona matendegu yameacha mashimo kwenye mkeka. Hakugomba. Alipiga magoti akaweka kitambaa chenye maji juu ya kila shimo, akapitisha pasi ya moto, na nyasi zikainuka taratibu. Kisha akafungua kabati la ukutani ambalo mimi nilikuwa nimelijaza masanduku, akanionyesha kwa mikono kina chake: hapa ndipo godoro linapoishi mchana. Nilikiuza kitanda wiki iliyofuata. Yule bibi ndiye aliyenifundisha kulala. Ukiamka, nyanyua futoni, godoro lao la pamba, hapo hapo, usiliache sakafuni, kwa sababu jasho la usiku hushuka chini, na mwezi wa Juni, mvua zao zikianza, utakuta kuvu upande wa pili. Jua likitoka, lianike kwenye reli ya baraza, lipige vumbi, ligeuze. Jioni litandike, litakuwa jepesi na lenye harufu ya jua.

Hiyo ndiyo habari ambayo shangazi hakuiona alipotazama kona nne. Alidhani nimerudi na uvivu wa kutonunua kitanda, kumbe kulala chini vizuri kuna kazi ya kila siku, na kitanda ndicho kinachomruhusu mtu aondoke asubuhi akiacha mashuka yamevurugika. Tulikula ugali watu saba kwenye chumba kile cha Nagasaki. Tulisoma, tulicheza karata, mwenzetu mmoja alisali, na saa nne usiku kikawa chumba cha kulala. Hakuna aliyenihurumia. Profesa wangu, mtu mwenye wajukuu, alilala kwenye futoni nyumbani kwake, na wala haikuwa habari.

Wapo Wajapani wengi sana siku hizi wanaonunua vitanda, na mzee asiyeweza kuinuka kutoka chini anahitaji kitanda kule kama huku. Mama mkubwa sasa magoti yake ni mabovu. Kitanda anacholalia, chenye matendegu marefu, nilimnunulia mimi. Mjamzito aliyekaribia kujifungua, mgonjwa aliyetoka hospitali ya Bugando na mshono tumboni, hao wapewe kitanda hata kama ni kimoja tu mtaani. Ninayempinga ni yule anayekigeuza kitanda kuwa kipimo cha utu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, nayo ni ya wadudu. Papasi ni kupe anayejificha mchana kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, usiku akatoka kumnyonya aliyelala na kumwachia homa inayokwenda na kurudi; Robert Koch alimchunguza hapa hapa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905. Funza si hata mwenyeji wetu. Meli kutoka Brazili ilimshusha Angola mwaka 1872, na kabla karne hiyo haijaisha alishavuka bara hadi Maziwa Makuu, akiwakata watu vidole vya miguu. Bibi zetu waliotandaza miti na ngozi juu ya nguzo ili walale mbali na vumbi hawakuwa wakijionyesha; walikuwa na akili. Kwenye sakafu ya vumbi, kitanda ni kinga.

Lakini fuata hoja hiyo mpaka mwisho wake. Mtoto aliyelazwa kitandani usiku, asubuhi anashuka peku na kucheza kwenye vumbi lile lile, na funza anaingia mguuni mchana kweupe. Kitanda kimemficha usiku mmoja mmoja, adui hajaguswa. Sakafu ndiyo inayotakiwa kutibiwa: saruji iliyosuguliwa, au udongo uliosilibwa vizuri usio na nyufa, unaofagiwa na kupigwa maji kila siku. Gharama ya kitanda kikubwa cha mninga ingesakafia sebule nyingi za Buhongwa, na sakafu humlinda kila aliye ndani, usiku na mchana. Na kama tunataja wadudu, tumtaje na kunguni. Nililala kwenye deka za bweni miaka minne. Tulimwaga maji ya moto kwenye maungio, tulipaka mafuta ya taa, tulitoa chaga nje tukazigonga chini, na usiku walirudi kutoka kwenye matundu ya skrubu. Mtu yeyote aliyesoma bweni Tanzania anajua ninachosema. Kunguni hujificha kwenye mishono ya godoro pia, ila godoro linaloinuliwa kila asubuhi na kupigwa jua halimpi mahali pa kutulia.

Wapo pia wanaonitetea kwa hoja nisiyoitaka. Hao husema kulala chini kunatibu mgongo, na kadiri pagumu ndivyo dawa inavyozidi. Hapana. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania wa watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, na waliopewa godoro la ugumu wa kadiri walipata nafuu kuliko waliopewa gumu kabisa. Simtumi mtu kwenye saruji tupu. Namtaka awe na godoro zuri, na jamvi zuri chini yake.

Nimeambiwa vilevile kwamba nimeacha ustaarabu wa Mzungu nikaufuata wa Mjapani, na kwamba Uafrika wangu hauonekani popote. Anayesema hivyo hajisikilizi anavyozungumza. Kiswahili kilikuwa na ulili zamani sana, na watu wa pwani walikuwa na samadari kutoka Bara Hindi, kitanda kirefu cha kupandiwa kwa kijibao, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kumwonyesha mgeni cheo cha mwenye nyumba. Kujipima kwa urefu wa kitanda ni ugonjwa wetu wenyewe, tusiutafutie mkoloni. Na mkeka nao ni wetu. Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walijua mbacha ni kitu gani: mkeka uliochakaa, wa kwako, unaokujua mgongo.

Halafu angalia tunavyofanya mtu akifa. Makochi yanatolewa nje, kitanda kinasogezwa au kinafunguliwa kabisa, mikeka inatandikwa ukuta hadi ukuta, na shangazi yule yule aliyenisikitikia analala chini siku tatu, bega kwa bega na mke wa mwenye duka na mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba. Hakuna anayejiona ameshushwa. Nimeamka usiku kwenye matanga nikasikia pumzi za watu arobaini na sijawahi kuhisi nyumba imejaa heshima kiasi kile. Kwa hiyo heshima ya sakafu tunaijua vizuri. Kwa nini tumeiweka akiba kwa ajili ya wafu?

Na ipo habari ya pamba, ambayo kwa mtu wa Usukumani inauma kuliko zote. Futoni ni pamba ndani ya kitambaa cha pamba, basi. Hata Japani halikuwa kitu cha kila mtu. Watu wa kawaida walilala juu ya majani makavu vizazi na vizazi, mpaka pamba ya bei nafuu kutoka nje ilipowafikia katika karne ya 19. Sisi tunakaa kwenye pamba yenyewe. Ni pamba ya Kwimba, Magu, Maswa na Bariadi iliyowasukuma wakulima wa kanda hii, Paul Bomani akiwa mbele yao, kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Ni kwa ajili ya pamba hiyo kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa hapa Mwanza. Leo sehemu kubwa inaondoka ikiwa robota, na mjukuu wa mkulima yule analalia sponji ambayo kemikali zake zimetoka ng'ambo, isiyoshika jua, inayobonyea katikati. Ukiifungua huwezi kuichambua upya, wakati godoro la pamba likishikana linafumuliwa, pamba inachambuliwa, linashonwa tena. Langu nililishonesha kwa fundi aliyekuwa hajawahi kushona kitu kama hicho. Alinipigia simu baada ya mwezi kuniuliza kama vipimo vile vile vinafaa, kwa maana ameshajishonea la kwake.

Nawaomba wenye nyumba za kupanga jambo dogo: mnapopiga lipu, wekeni misumari minne imara juu ya kuta za sebule, si chumbani tu. Nawaomba mafundi mchundo wajenge kabati la ukutani lenye kina cha kumeza godoro. Na wewe mzazi, kabla hujaongeza inchi kwenye kitanda chako, nunua kwanza godoro la wale wa sebuleni, jipya, lao, na uwafundishe kulianika.

Kwa mama mkubwa kazi hiyo tumeimaliza mwaka huu. Sebule ilipigwa saruji Januari. Misumari niliigonga mwenyewe, binamu zangu wakashika ngazi. Nyuma ya nyumba kuna jabali kubwa kama basi, ambako tangu zamani tulianika nguo na dagaa. Sasa kila asubuhi ya jua wajukuu zake wanatoka na magodoro vichwani na kuyatandaza juu yake, na upepo wa ziwa unapita chini na juu.

Mwezi uliopita alikuja mhudumu wa afya wa mtaa na daftari. Nilikuwepo, nikipepeta mchele kibarazani. Aliuliza swali lile lile, kwa maneno karibu yale yale. Mama mkubwa alijifunga khanga vizuri, akafungua mlango wa sebule upande wote ili aone ndani.

"Tatu," akasema. "Njoo uhesabu."